Umeongeza taa kwenye tela, zinasumbua? Maswali yenu na majibu

Shikamoo fundi. Nimeongeza taa nne nyuma ya tela. Nikikanyaga breki, taa za breki zinafifia na indiketa nazo zinawaka kidogo. Nimebadilisha globu zote, wapi! (Dereva, Morogoro)

Marahaba. Globu hazina kosa, pole kwa pesa uliyotumia. Umeme ukifika kwenye taa lazima urudi betri, na njia ya kurudi ni ethi. Ikiziba, umeme wa breki unapenya kwenye globu za jirani, ndiyo maana indiketa inawaka. Funga waya mrefu kwenye hasi ya betri, ncha ya pili igusishe kwenye ethi ya taa ya nyuma. Breki ikiwaka vizuri, ugonjwa umeupata. Fungua boliti ya ethi: mara nyingi utakuta imekazwa juu ya rangi ya chasi, au kutu imeingia. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kwa juu. Mimi huwa navuta kabisa waya wa ethi mpaka kwenye plagi ya tela, kwa sababu pini inayounganisha tela na kichwa imejaa grisi, si ya kuitegemea.

Mita inasoma volti 24 kwenye waya, lakini nikifunga taa haiwaki.

Waya umeoza ndani, umebaki uzi mmoja au mbili. Mita haivuti umeme, kwa hiyo inadanganyika. Pima kwa globu ya wati 21. Anza na viungio vilivyozungushiwa tepu tu. Juzi nimekifungua kimoja, shaba imegeuka unga wa kijani, nikaivuta ikakatika kama uzi wa kushonea. Piga lehemu, kisha vika mpira unaojibana kwa moto.

Nimefunga taa 12 za pembeni, fyuzi inakatika. Nimeshauriwa niweke kipande cha waya.

Usithubutu, ndugu yangu! Gari litawaka moto na wewe ndani. Kwanza chomoa plagi ya tela. Fyuzi ikikatika bado, shoti iko kwenye kichwa. Ikitulia, iko kwenye tela, na fuata waya pale unapopita kwenye tundu la chasi, hapo ndipo unapochunika. Kama hakuna shoti, piga hesabu: globu 12 za wati 5 ni wati 60, yaani ampea 2.5 juu ya zilizokuwepo. Zipe rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake.

Pikapu yangu ya volti 12, nimeweka indiketa za LED kwenye katela, sasa zinapepesa haraka mno.

LED inavuta umeme kidogo, flasha (kifaa kinachopepesa indiketa) inadhani globu imeungua. Nunua flasha ya LED.

Nikiwasha kushoto, tela linawasha kulia.

Nyaya zimebadilishana. Kwa kawaida njano ni kushoto, kijani ni kulia. Kwenye plagi ya pini 7 ya volti 24, njano iko namba 3, kijani namba 5.