Maswali na majibu: Angani, kampuni inabeba nini na serikali inabeba nini?

Kampuni zimeishaishinda NASA, shirika la anga la Marekani. Kwa nini Marekani isiziachie kazi yote? (Mwalimu wa sekondari, Nzega)

Mwalimu, kampuni zilikuwepo tangu zamani. Hata chombo kilichotua mwezini mwaka 1969 kilitengenezwa na kampuni, Grumman. Kilichobadilika ni mkataba. Zamani serikali ililipa gharama zote na faida juu yake. Kazi ikichelewa, anaumia mlipa kodi. Siku hizi kazi nyingi NASA inazitoa kwa bei ya mkupuo, kama halmashauri inavyompa mkandarasi darasa, na gharama zikizidi ni zake mwenyewe.

Mwaka 2014 NASA iliipa kampuni ya Boeing dola bilioni 4.2, na kampuni ya SpaceX ikapewa bilioni 2.6, kazi ileile: kupeleka watu Kituo cha Kimataifa cha Anga. SpaceX ilipeleka wanaanga Mei 2020. Boeing ilipeleka wake Juni 2024. Gesi ya heliamu ikavuja na baadhi ya injini ndogo za kuongozea zikagoma. Chombo kilirudishwa kitupu, na wanaanga wawili wakarudi Machi 2025 kwa chombo cha SpaceX. Hasara ya Boeing imepita dola bilioni 1. Kwa hiyo bei ya mkupuo peke yake si kinga. Kilichosaidia ni serikali kuwa na wakandarasi wawili, na huo ni uamuzi ambao kampuni haiwezi kujifanyia.

Halafu kuna kazi zisizo na soko. Chombo kilichorushwa Oktoba 2024 kuchunguza Europa, mwezi wa Jupita, ni cha NASA. Roketi ndiyo ya SpaceX.

Kigoma tuko karibu na ikweta. Kampuni haiwezi kuja kurushia roketi hapa? (Msomaji, Ujiji)

Ikweta inasaidia kweli. Dunia huizungusha roketi kuelekea mashariki kwa takribani mita 465 kwa sekunde kabla haijawashwa, na hapo mlipo, nyuzi 5 kusini, hampungukiwi kitu cha maana. Lakini kubaki angani ukiizunguka Dunia kwenye mzunguko wa chini kunadai kama mita 7,800 kwa sekunde, kwa hiyo msaada huo ni sehemu ndogo tu.

Tatizo ni kinachodondoka. Sehemu ya chini ya Falcon 9, roketi ya SpaceX, huachia baada ya kama dakika mbili na nusu, na mara nyingi hutua juu ya meli iliyo kilomita 600 hivi mbele. Kutoka Kigoma kwenda mashariki, Tabora iko karibu kilomita 350 kwa mstari ulionyooka, Singida kama 570. Ikishindwa kutua, inaangukia watu. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa lao baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya NASA iitwayo Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970. Kazi hii inataka bahari upande wa mashariki.

Kipande cha roketi ya kampuni kikiangukia shamba langu, nani analipa? (Mkulima, Kasulu)

Nchi iliyorusha, hata kama roketi ni ya mtu binafsi. Mkataba wa kimataifa wa 1972 haumtaki mwathirika athibitishe uzembe. Madai hupelekwa na serikali kwa serikali. Wewe usikiguse, maana mabaki ya mafuta yanaweza kuwa sumu. Kipige picha kwa mbali na utoe taarifa kijijini na polisi.

Tunataka kuona msitu unavyokatwa. Tununue picha za kampuni? (Kikundi cha wafuga nyuki, Sikonge)

Anzeni na za bure za serikali za Ulaya, za setilaiti za Sentinel-2. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10: ekari moja iliyofyekwa kwa ajili ya tumbaku ni kama pikseli 40, inaonekana vizuri, tanuru moja la mkaa halionekani. Fungueni tovuti ya Copernicus Browser, chagueni Sentinel-2 L2A, mawingu chini ya asilimia 20, tarehe za Mei au Juni.

Kosa la kawaida ni kulinganisha Mei na Septemba. Miombo hupukutisha majani kiangazi na moto wa nyasi huacha weusi, basi msitu mzima utadhani umefyekwa. Linganisheni Juni ya mwaka huu na Juni zilizopita.

Picha za kampuni kama Planet, za mita 3 hivi na karibu kila siku, zilipieni pale tu mnapohitaji kujua eneo fulani lilikatwa wiki gani.