Mtuonyeshe kile kitaa chekundu cha mita

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ukiacha kukuunganishia umeme, ungependa shirika la umeme likusaidie nini nyumbani kwako?" Mimi nataka aje mtu akae nasi barazani dakika kumi, atufundishe kuhesabu umeme tunaotumia.

Nimepanga Tabata Kimanga, Dar es Salaam. Nyumba ina vyumba vinne na LUKU moja, yaani mita moja ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Aliyeishi nyumba kama hii anajua kwamba ugomvi wa zamu ya kufagia huisha siku hiyo hiyo, ila wa mchango wa umeme unalala na watu. Kila chumba kilikuwa kinatoa sawa, na uniti zikiisha kabla ya wakati lawama zote zilikwenda kwa mama wa chumba cha mbele, kwa sababu ana friji na anauza barafu. Julai mwaka jana ilifika mahali anaongea habari ya kuhama.

Jioni moja tukazima kila kitu. Kwenye mita yetu kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwenda. Tukawa tunawasha kitu kimoja kimoja, kijana wa chumba cha tatu kashika simu anatazama sekunde, mimi nahesabu. Friji ilipepesa mara mbili kwa dakika. Balbu ya LED ya wati 9 ilitufanya tusubiri karibu dakika saba ndipo tukaona mara moja tu. Pasi, 17 kwa dakika. Kisha ikaja hita ya kuchovya kwenye ndoo, ambayo ni yangu: 25 kwa dakika! Barazani pakawa kimya. Nilimwomba radhi yule mama pale pale mbele ya wote, maana na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsema.

Friji nayo ilikuwa na lake. Tulibana noti ya elfu moja kwenye mlango wake, nikaivuta, ikatoka bila kushikwa. Mpira ulikuwa umechoka, baridi inavuja, mota haipumziki mchana wala usiku. Alipobadilisha mpira tukaanza kuisikia inanyamaza.

Tangazo la "zima taa usiyoitumia" nimelisikia tangu utotoni, na enzi za globu za wati 60 lilikuwa na uzito wake. Siku hizi umeme wa nyumbani unaliwa na joto: hita, pasi, jagi la umeme, jiko la koili. Ndoo ya lita 20 ikipashwa hadi vuguvugu la kuogea inakula karibu theluthi moja ya uniti. Mimi sasa naianika juani tangu saa sita mchana, ikiwa imefunikwa, na jioni naoga. Pasi tunapiga mara moja kwa wiki, nguo za watu wote kwa mkupuo. Jagi linajazwa maji ya vikombe vinavyohitajika, basi.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wengi hawalijui, na linaniuma. Mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti, ambayo ikiongezwa kodi na tozo inakuwa 122. Kundi la T1, la wanaozidi hapo, ni shilingi 292, sawa na kama 356 ukijumlisha yote. Familia nne zenye matumizi madogo zikikusanywa kwenye mita moja zinavuka 75 bila shida, na zinalipa bei ya mwenye nyumba ya ghorofa. Mwenye nyumba akikubali kila chumba kiwe na mita yake, hesabu inabadilika kabisa.

Mama yangu yuko kijijini, wilaya ya Muheza. Kwenye risiti yangu ya LUKU hapa Dar kuna asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, na hiyo naitoa kwa moyo mweupe, maana najua nguzo zinafika wapi. Kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000. Mama ana balbu tatu, redio na chaji ya simu. Umeme wa elfu mbili, uniti 16 hivi, unamkalisha zaidi ya miezi miwili. Lakini alikuwa anauogopa. Nilipompelekea sufuria la presha la umeme alilifungia kabatini, akaendelea na kuni. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia, na naamini kinachowazuia akina mama wengi ni hofu ileile, kwamba uniti zitayeyuka.

Ndiyo maana naomba: fundi anapofunga mita, kijijini au mjini, amwite mwenye jiko, awashe balbu, kisha pasi, amwonyeshe kitaa kinavyokimbia.

Mwezi uliopita mama alipiga simu. Sijamaliza shikamoo, akanikatiza. "Mwanangu, nimepika maharage. Kabla mita ilisoma uniti 14.2 zimebaki, yameiva inasoma 13.7."

Nusu uniti. Shilingi 61.