Siku 7 za bakapu hazimtoshi mnunuzi wa mazao

Wiki hii nimepokea ujumbe wa kijana wa Singida anayesimamia mfumo wa wanunuzi wa alizeti. "Kaka, kanzidata yetu iko kwenye wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, na bakapu (nakala ya akiba) inajichukua yenyewe kila siku. Kuna haja ya kuhangaika tena?" Haja ipo, tena kubwa.

Mwishoni mwa mwaka jana, kipindi ambacho kila mtu anafuatilia hela yake, mzee mmoja alifika kwa wateja wangu, wanunuzi wa mazao wa Kibaigwa. Alitoa stakabadhi kwenye kimfuko cha nailoni, karatasi ya kaboni iliyokunjwa mara nne, maandishi yameanza kufifia. Magunia 40 ya alizeti, yamepokelewa Juni. Mfumo ukasoma 14. Karani akamtazama kama tapeli. Mzee hakupaza sauti, alisema tu, "Mwanangu, mzigo wangu naujua."

Bakapu za wingu zilikuwepo, lakini ya zamani kabisa ilikuwa ya Novemba, na humo nako ilisomeka 14. Uongo ulikuwa umenakiliwa vizuri kila usiku. Kilichomwokoa mzee ni faili ninalolitoa kwa pg_dump, programu inayonakili kanzidata ya aina ya PostgreSQL, kila mwisho wa mwezi na kulihifadhi kwenye akaunti nyingine. Nikafungua kanzidata tupu, nikarudisha la Juni, nikatafuta namba ya stakabadhi: 40. Nikarudisha la Julai: 14. Tukaujua mwezi ambao mkono uliingia, na tulipolinganisha majedwali tukakuta stakabadhi nyingine zilizoguswa. Mzee alilipwa chake chote. Nilijivunia siku ile, na bado najivunia.

Najivunia zaidi kwa sababu kuna ofisi moja hapa Dodoma niliwahi kuwapendekezea utaratibu huu huu, mkubwa wangu akaniambia mbele ya kikao kwamba natafuta kuwaongezea bili. Watu wakacheka. Liliniuma, na bado linaniuma.

Ndugu zangu, mipaka ya watoa huduma iko wazi. Amazon RDS, huduma ya kanzidata za wingu, inatunza bakapu siku 7 ukiunda kanzidata kwenye konsoli (ukurasa wao wa wavuti), siku 1 tu ukiunda kwa amri, na hata ukiongeza unaishia siku 35. Azure SQL ya Microsoft nayo huanza na siku 7 na kufika 35; ina hifadhi ya muda mrefu hadi miaka 10, ila lazima uiwashe mwenyewe. Sasa mkulima anayeuza Juni na kudai Desemba unamweka wapi? Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Siku 35 si miaka 5!

Kwa hiyo toa nakala yako ya kila mwezi. Kwenye RDS, snapshoti (nakala ya kanzidata nzima ilivyo wakati huo) unayoichukua kwa mkono haina mwisho mpaka uifute, wakati zile za moja kwa moja huondoka pamoja na kanzidata ukiifuta bila kuchagua zibaki. Lakini snapshoti inakaa kwenye akaunti ile ile, na anayeweza kuingia humo anaweza kufuta vyote. Ndiyo maana nasisitiza faili la pg_dump, akaunti nyingine, nywila nyingine, mtu mwingine. Ukihamishia snapshoti S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, inatoka kama Parquet, aina ya faili la kuchambulia data: inafaa kuchambua, ila huwezi kuirudisha moja kwa moja kuwa kanzidata. Wengi hawalijui hili mpaka siku ya shida.

Na rudisha. Nakala usiyowahi kuirudisha usiihesabu. Chukua faili la mwezi wowote, lirudishe kwenye kanzidata tupu, tafuta stakabadhi moja unayoijua, ilinganishe na karatasi. Kama umelifunga kwa ufunguo wa KMS, huduma ya Amazon ya kutunza funguo za usimbaji, hakikisha hakuna anayeufuta ufunguo huo, maana ukishafutika faili halifunguki tena.

Mdogo wangu wa Singida, jambo moja zaidi kabla hujaanza. Majedwali yako yana majina na namba za simu za wakulima, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuzirundika milele bila sababu si halali. Kaa na mwenye biashara, andikeni muda wa kutunza na nani atafuta muda huo ukiisha, nyote mtie saini. Mimi na watu wa Kibaigwa tumeandika miaka 5.