Usimwongezee huyo chatu panya kabla hujampima

Wacha kwanza! Umeandika unataka kumpa chatu wako mdogo panya wawili Jumamosi ili akue haraka, usimpe. Najua umeuliza pia boksi la kumweka, maji na mambo ya kujivua gamba, lakini nimeona hiyo ya "aliyeniuzia anasema ni mdogo kwa umri wake, niongeze chakula" nikashtuka, kwa sababu mimi niliambiwa hivyo hivyo na jamaa alinipa wangu, karatasi za KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) zikiwa sawa kabisa. Wangu hakuwa mgonjwa, alikuwa mdogo tu. Nikampa panya mnene kuliko tumbo lake, akameza, usiku stima ikapotea, na hapa Nakuru baridi ya Julai unaijua, wewe wa Njoro hata zaidi. Nyoka hajitengenezei joto, akikosa mahali pa kujiotea kama 30°C hivi chakula kinaozea tumboni. Akatapika. Napigia jamaa simu ananiambia huyo ni njaa, mpe mwingine leo leo. Leo leo!! Nyoka akitapika asidi imemchoma koo na maji yamemtoka, anaachwa kama wiki mbili na maji safi, halafu anaanza na kapanya kadogo. Mimi nikafuata simu, akatapika tena na tena, mgongo ukatokeza, akafa. Na huyo jamaa bado anauza nyoka na bado anashauri watu, mtu hajui hata mnyama wake anasagaje chakula, inaniuma mpaka leo.

Sasa nunua mizani ya jikoni, ya gramu. Muweke kwa bakuli la kufunika, toa uzito wa bakuli, umpime KABLA ya kula, andika. Gramu zikipanda mwezi kwa mwezi, hata pole pole, huyo anakua, wachana na picha za nyoka za watu. Urefu pia wachana nao, hawezi kunyooka utakavyo. Mguse mgongo, mfupa ukisimama mkali amekonda. Akiwa amelala tu hajajikunja na ngozi inaonekana katikati ya magamba, hayo ni mafuta, na ini linaumia. Panya asizidi unene wa mwili wake pale panene, mmoja kwa wiki, na usimshike siku mbili baada ya kula. Akikaribia kujivua anaweza kukataa kula, gramu zikishuka kidogo usipaniki, usimlazimishe.

Ana gramu ngapi leo? Mpime uandike hapa kabla ya hiyo Jumamosi, tafadhali.