Kasuku wa kwanza si lazima awe wa kijivu

Hapa Kenya ukitaja kasuku, mmoja atafikiria daftari la shule, mwingine mkebe wa mafuta ya kupikia ambao sasa unapimia maharagwe sokoni. Wanaobaki humwona yule ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayesalimu wageni na kuwatukana kwa pumzi moja. Huyo ndiye anayewaponza watu. Jamaa wakinijia kutaka ushauri, maana nafuga hapa Mombasa miaka kadhaa sasa, swali huwa moja: "Nitampata wapi anayeongea?"

Mjomba wangu alikuwa akiishi Maskati, na alikuwa na kasuku wa kijivu aliyempenda kama mwana. Ndege akajifunza kikohozi chake, akajifunza mlio wa simu yake, na kila asubuhi akawa anaagiza "Mama watoto, chai!" kwa sauti ileile ya mwenye nyumba. Mjomba alipofariki, ndege alikuwa bado kijana, kwa sababu kasuku wa kijivu akitunzwa vyema hufikisha miaka 40, na wengine huvuka 50. Mkaza mjomba akakaa eda yake miezi minne na siku kumi, na kila asubuhi ya eda hiyo marehemu anaagiza chai kutoka sebuleni. Alipotoka edani, jambo la kwanza alilofanya ni kumtafutia ndege nyumba nyingine.

Kwa hiyo ukitaka kasuku wa kijivu, jiulize kwanza nani atamrithi. Halafu jiulize nani atakaa naye mchana kutwa. Ni ndege wa makundi mwenye akili nyingi, na akiachwa peke yake hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki ngozi tupu.

Kisha kuna sheria. Mwaka 2016 nchi zilizokutana Johannesburg kwa mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimpandisha ndege huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yake kali zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliotegwa porini imepigwa marufuku. Kwetu Kenya porini ni wa msitu wa Kakamega, na waliobaki huko ni wa kuhesabu. Kumfuga bila kibali cha KWS, shirika letu la wanyamapori, ni kosa. Ndugu zetu wa Tanzania, mlango wa kubisha ni wa TAWA, mamlaka yenu ya wanyamapori. Muuzaji akikwambia "chukua ndege, karatasi zitafuata", karatasi hazitafuata.

Hadhari hiyohiyo iko kwa wale wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe machoni, ambao watu huwaita ndege wa mapenzi. Asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, ila waliotoroka kwenye matundu wamezaliana Naivasha na hata hapa Mombasa, na kuwaona mtini bure kunawatia watu tamaa ya kutega. Usitege. Hayo mapenzi yenyewe huwa ni ya wao kwa wao. Mkono wako wataung'ata.

Mimi namshauri mtu aanze na baji, yule kasuku mdogo wa Australia mwenye mistari mgongoni. Watu humdharau kwa udogo wake, na wengi hawajui kwamba naye ni kasuku. Anaishi miaka mitano hadi kumi hivi, na kelele zake hazimfikii jirani wa ghorofa ya juu. Tena anaongea! Dume mmoja wa California aliyeitwa Puck aliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness akiwa na maneno 1,728. Wa kwangu anayo manne, na moja si la kuandikwa hapa.

Lakini hata baji ana namna ya kumnunua. Wangu wa kwanza niliwanunua wawili kando ya barabara, kwa kijana mwenye ulimi wa asali. "Mamangu, hawa wapole. Tazama, hata hawakimbii mkono." Kweli hawakukimbia. Mmoja alikuwa amefura manyoya kama mpira, macho nusu wazi, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Nikaona upole, na mimi naona kumbe sioni. Siku ya saba nikamkimbiza kwa daktari wa mifugo, akaniuliza anataga mayai mangapi kwa wiki. Siku ya tisa akafa.

Ndege huficha ugonjwa, kwa sababu porini aonyeshaye udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Akionekana mgonjwa, ujue ameugua muda. Basi ukifika kwa muuzaji, usikaribie. Simama mbali dakika kumi, uongee na watu wengine, uwatazame kwa pembe ya jicho. Umtakaye ni yule anayepanda nyavu, anayegombana na mwenzake, anayekimbia mkono ukiingia. Aliyeketi chini kwenye sakafu ya tundu muache. Mwenye kinyesi kilichogandia nyuma muache. Na ukiwa na huruma kama yangu, usimnunue mgonjwa ili umwokoe, kwa sababu kesho yake muuzaji ataleta mgonjwa mwingine.

Umri usiulize, utadanganywa. Kinda la baji lina mistari myeusi inayoshuka kwenye paji la uso mpaka karibu na mdomo, na jicho lake ni jeusi tupu. Akikua, paji husafika na jicho hupata duara jeupe. Kwa aliyekomaa, tazama ile nyama laini juu ya mdomo, penye pua: kwa kawaida ya dume ni buluu, ya jike ni hudhurungi. Kinda ndilo linalozoea mkono upesi, na dume ndilo linaloongea zaidi. Aliyefugwa na mtu makini mara nyingi huwa na pete mguuni isiyo na kiungo, iliyovishwa angali mchanga.

Baada ya msiba ule nilijiona nimehitimu, nikapanda ngazi hadi kokateli, yule mwenye kishungi na mashavu ya rangi ya chungwa. Ndege mzuri, mpole, mpiga mluzi hodari. Hakuna aliyeniambia kwamba mwilini mwake hutoka unga mweupe laini, na kasuku wa kijivu ni vivyo hivyo. Unga huo ulitanda juu ya televisheni, ukaingia kwenye mapazia, ukaingia kifuani mwa mwanangu ambaye ana pumu. Usiku wa tatu wa kutafuta dawa ya kuvuta nilijua ndege ataondoka. Yuko kwa dada mmoja wa mtaani, na nikipita barazani kwake hunipigia mluzi, nami huona haya. Nyumba yenye mtu wa pumu ikae kwanza siku moja na ndege wa mwenzio.

Sisi watu wa pwani tuna tatizo jingine: nyumba zetu zinafukizwa. Udi wa Ijumaa, ubani wa magharibi, dawa ya mbu ya kuchoma, na jiko la mkaa mlangoni. Pafu la ndege halihimili moshi kama letu. Mimi nimeuhamishia udi chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Hatari zaidi ni kikaango kile kisichoshika chakula: kikisahauliwa motoni mpaka kikapita kiasi, hutoa mvuke ambao binadamu huenda asiunuse, na ndege aliye chumba cha pili akaanguka. Nilivigawa vyote. Mume wangu bado analalamikia mayai yanayoganda.

Na usidhani utaepuka hayo kwa kumtundika nje. Nilijaribu, kunguru wakanionyesha mji ni wa nani. Walilizingira tundu wanne, wanadonoa kupitia nyavu, baji wangu amejibana katikati anatetemeka.

Tundu nunua kabla ya ndege, na bajeti yako iweke huko. Langu lilinigharimu mara tatu ya bei ya baji. Liwe refu kwa upana, maana baji huruka kwenda mbele, hapai kama helikopta; na yale ya mviringo yapendezayo dukani yaache hukohuko. Vijiti vya plastiki vinavyokuja nalo vitupe, umkatie matawi ya mpera, manene na membamba, miguu isipate vidonda kwa kushika unene mmoja kila siku.

Chakula si kazi ngumu. Uwele na mtama, ila si mbegu peke yake, maana kwa mbegu tupu hunenepa huku anakosa vitamini A. Mchicha, sukuma wiki, karoti ya kukwaruza, mahindi mabichi. Pilipili mpe, kwake haiwashi. Parachichi kamwe, ni sumu kwake, na chokoleti vilevile. Ule mfupa mweupe wa ngisi ambao duka linauza ghali, mimi huuokota ufukweni baada ya maji kupwa, nauroweka, nauanika juani, namfungia kwenye nyavu anautafuna kwa ajili ya madini. Karatasi ya chini ilowanishe kabla ya kuitoa: vumbi la kinyesi kikavu linaweza kubeba ugonjwa wa kasuku, ambao kwa binadamu hufanana na nimonia.

Akishafika nyumbani, muache. Watoto watataka kumshika siku hiyohiyo, wakataze. Funika tundu ikifika magharibi, alale kwa muda wa saa kumi na zaidi. Wiki ya kwanza mimi hupitisha mkono karibu na tundu tu, namsemesha nikichambua mboga. Wiki ya pili mkono huingia, unakaa, hautafuti kitu. Huyu niliye naye sasa, siku ya kumi na tisa alikuja mwenyewe mpaka kwenye jani la mchicha vidoleni mwangu, akalinyofoa, akalitupa chini, kisha akaning'ata kidole.