Ile milio ya mbao shujaa anapoganda

Ndugu, ulichouliza, shujaa wa anime (katuni za Kijapani) kuganda ghafla huku mbao zikigongwa, asili yake ni kabuki, maigizo ya jadi ya Japani. Pozi hilo huitwa mie. Mwigizaji hukanyaga kwa kishindo, huzungusha kichwa, kisha hukaza shingo na kukodoa macho, mara nyingi jicho moja likivutwa kuelekea puani. Mlio ni wa tsuke: vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyopigwa kwenye ubao uliolazwa sakafuni, kwenye ukingo wa jukwaa, kulia kwako ukiwa umekaa ukumbini. Mpigaji humfuata mwigizaji kwa macho. Akichelewa kidogo tu, mie yote inapoa. Usichanganye na hyoshigi, vijiti vingine viwili ambavyo hugonganishwa vyenyewe kwa vyenyewe pazia linapofunguliwa au kufungwa.

Tafuta rekodi za Cho Kabuki, maonyesho ya kabuki yenye teknolojia ya kisasa, yaliyoanza 2016. Nakamura Shido, mwigizaji wa kabuki, yuko jukwaani, na Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta, yuko kwenye skrini. Kabuki ina desturi ya watazamaji kumshangilia mwigizaji kwa jina la nyumba yake ya sanaa, basi naye Miku akapewa lake: Hatsuneya! Hapo ndipo utamu ulipo.