Mwanangu alifariki kabla ya kubatizwa: je, amepotea?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mwanangu alifariki saa chache baada ya kuzaliwa, hajabatizwa. Katekista alikataa kuongoza mazishi, akasema Yesu mwenyewe alishatamka: asiyezaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Je, nimempoteza kwa uzembe wangu?

JIBU: Milele amina. Pole sana, mama. Hukuzembea. Uzembe gani kwa mzazi aliyekuwa bado kitandani?

Aliyekujibu hivyo amekosea vibaya. Maneno ya Yohane 3:5 aliambiwa Nikodemo, mwalimu wa Israeli, mtu mzima wa kusikia na kuamua. Huwezi kuyafanya hukumu ya kichanga. Watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode walibatizwa na nani? Kanisa linawaadhimisha kama watakatifu kila tarehe 28 Desemba. Ubatizo ni wa lazima, hapo silegezi. Lakini Katekisimu, namba 1257, inafundisha kwamba Mungu aliyeufungamanisha wokovu na ubatizo yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake, na namba 1261 inawakabidhi watoto hawa kwa huruma yake.

Watakutajia Mtakatifu Agostino, askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale. Ni kweli, alifundisha kuwa wanaadhibiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Wanateolojia wa baadaye wakaleta wazo la limbo, yaani hali isiyo na mateso lakini isiyo na kumwona Mungu, kupunguza ukali huo, nalo halikuwahi kuwa fundisho la imani. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilieleza sababu nzito za kutumaini kwamba wanaokolewa. Ni tumaini, sitakudanganya kwa kukuahidi zaidi.

Kuhusu mazishi, Kanuni 1183 ya Sheria za Kanisa inamruhusu askofu wa mahali kukubali maziko ya Kanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza. Nenda kwa paroko, uombe Misa. Misale ina sala za mtoto wa namna hii. Nenda na mumeo. Baba naye amefiwa, hata kama hasemi.

Mungu akikujalia mwingine na hali ikawa mbaya, usisubiri padre. Mkunga, muuguzi au wewe mwenyewe, kwa nia ya kufanya lifanyalo Kanisa, mmiminie maji kichwani ukisema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Hayo ndiyo katekista alipaswa kukufundisha ulipokuwa mjamzito.